Papa si papa: siku 13 za kuchonga na kupanda paipo, O'ahu

Nimerudi wiki ya tatu sasa na mbavu zimeacha kuuma, kwa hiyo naweza kukaa kitako niandike. Daftari langu liliingia maji ya chumvi katikati ya safari, kwa hiyo bei nyingine nimezisoma kwenye picha za risiti, na siku nimezipanga kwa kufuata picha za simu. Kwa asiyejua, paipo ni ubao mfupi unaoulalia kwa tumbo ukateleza nao juu ya wimbi. Ni mali ya Hawaii, ya tangu enzi za machifu wao. Mimi ni seremala wa milango na vitanda, maji nayajua ya kuvuka kwa pantoni. Nilikuwa nimeandikiana miaka miwili na mzee mmoja wa Honolulu, mji ulioko kisiwa cha O'ahu, anayechonga paipo kwenye gereji yake, nikimsumbua kwa maswali ya unene na aina za mbao, mpaka akachoka akaniandikia, "Njoo uone mwenyewe." Nadhani hakutegemea ningekuja.

Ada ya maombi ya viza ilikuwa dola 185, na hairudi hata ukinyimwa. Tiketi ya Dar, Doha, Los Angeles na Honolulu, kwenda na kurudi, dola 2,140. Hayo ndiyo maumivu makubwa. Mengine yalikuja kidogo kidogo.

Alhamisi, 23 Mei 2024. Kufika

Safari ya angani naipita: zaidi ya saa thelathini, miguu imevimba, basi. Los Angeles mkaguzi wa forodha aliisimamia randa ya marehemu baba, ambayo mwili wake ni mninga. Akaigeuza, akatafuta gamba na matundu ya wadudu, hakuona, kisha akaniuliza inavyofanya kazi. Nikamwonyesha kwa ishara juu ya meza yake. Kwenye ndege ya Honolulu nako tuligawiwa fomu ya kilimo ya jimbo, uandike kama umebeba mmea, mbegu, tunda au mnyama. Ijaze kwa ukweli. Visiwa vile vinaogopa mdudu mgeni kama mkulima anavyoogopa nzige.

Kosa langu la kwanza lilikuwa basi. Wakati ule basi la 20 lilikufikisha Waikīkī, mtaa wa ufukweni wa Honolulu, kwa dola 3, lakini mzigo lazima ukae mapajani au chini ya kiti, na begi langu lilikuwa na ukubwa wa mbuzi. Dereva alitikisa kichwa kwa upole. Mama mmoja aliyekuwa ametoka zamu uwanjani akasema naye kachoka kusubiri, tuchangie teksi. Alikubali nitoe dola 15 tu, na njiani akanikatia nusu ya musubi yake: wali ulioshindiliwa, kipande cha nyama ya kopo juu, vikafungwa kwa mwani. Nyama ilikuwa ya nguruwe, nami siili. Nikala wali na mwani, nyama akaichukua yeye, akacheka mpaka tunafika.

Dirishani mwezi ulikuwa umejaa juu ya bahari. Nikaupiga picha kwa uzuri wake tu. Baadaye ndipo nilipojua mwezi ule ulikuwa na maana gani kwa mtu aliyekuja kuingia majini.

(Kwa mnaofuata: kitanda cha hosteli Waikīkī kiliandikwa dola 58 kwa usiku. Bei zinazotangazwa hazina kodi, na mwaka ule wa 2024 kodi za malazi zikijumlishwa zilikaribia asilimia 18. Piga hesabu kabla hujatabasamu.)

Ijumaa, 24 Mei. Ukutani

Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa 13, kwa hiyo saa kumi alfajiri nilikuwa macho kama bundi. Nikatoka kwa miguu. Sanamu ya Duke Kahanamoku, muogeleaji na mpanda mawimbi mashuhuri wa Hawaii, imesimama imeipa bahari mgongo, mikono imejaa mashada ya maua, na mbele kidogo, inapoishia Kapahulu Avenue, kuna ukuta wa zege unaoingia baharini kama gati. Ubavuni mwake mawimbi huumuka karibu mno, ukisimama juu unawaona wapandaji kwa utosi. Ni mahali pa mbao fupi. Zile ndefu za kusimamia huenda kuchezea kwingine.

Wengi walikuwa na mbao za sponji, zile zilizozaliwa mwaka 1971 pale Tom Morey alipokata kipande cha povu gumu huko huko Hawaii na kubadili mchezo mzima. Zina wepesi, zinaelea, hazivunji meno. Lakini nilimwona mwanamke mmoja wa makamo akiwa na ubao wa mti, mwembamba kama mlango wa kabati. Nilimjua kwa sauti kabla ya macho. Sponji inachapa maji, pa pa pa. Ule wa mti ulipita na mlio mmoja mrefu, kama mkasi wa fundi cherehani ukikata kitambaa bila kufumba.

Mzee wangu alinikuta pale. Ana miaka 74, mgongo umenyooka kama fito. Hawaii kila aliyekuzidi umri ni Anko au Anti, hata usipomjua, kwa hiyo nilijisikia nyumbani mara moja. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza maana yake. Akauliza aitikieje, nikamfundisha marahaba. Kuanzia siku hiyo aliitika hivyo hata nilipomwomba bisibisi.

Lugha ilinichezea tangu dakika ya kwanza. Kihawaii ubao ni *papa*. Ubao wa kupandia mawimbi ni *papa he'e nalu*. Mtu wa pwani yetu akiambiwa "shika papa wako uingie majini" anatafuta njia ya kukimbia. Papa halisi wao humwita *manō*. Nilipokuwa navua viatu Anko akaniambia nijihadhari na wana, na mimi nikageuka kutazama watoto walikuwa wapi. Kumbe *wana* ni yule mdudu wa mwambani mwenye miiba kama nungunungu. Walikuwa chini yetu, weusi, kila ufa.

Somo la kwanza halikuwa na ubao wa mti. Anko alinipa sponji ya zamani na kunituma dukani nikanunue mapezi ya miguuni, dola 65. Kwa saa moja na nusu nilipiga miguu kwenye maji ya kifuani, sikupanda hata wimbi moja. "Ubao wa mti haukubebi," alisema. "Wewe ndiye utaubeba mpaka wimbi lichukue zamu." Nilidhani ni maneno ya wazee.

(Mapezi yakae kwa kubana kidogo ukiwa nchi kavu, majini yanalegea. Vaa soksi nyembamba ndani, la sivyo kisigino kinachubuka siku ya kwanza na safari imekwisha. Na kabla ya kubeba mafuta ya jua kutoka nyumbani soma kopo: tangu Januari 2021 Hawaii imepiga marufuku kuuza yenye oksibenzoni na oktinoksati, kwa ajili ya matumbawe.)

Jumamosi, 25 Mei. Makumbusho

Anko alikuwa na shughuli za wajukuu. Nikapanda basi la 2 hadi karibu na Bishop Museum, jumba lililoanzishwa mwaka 1889 kwa kumbukumbu ya Bernice Pauahi Bishop, binti wa ukoo wa kifalme. Kiingilio kwa mgeni si cha mchezo, kinakula karibu pesa yote ya siku. Baba wa Pauahi alikuwa chifu Pākī, na makumbusho hayo ndiyo yanayotunza mbao zake mbili za aina ya *olo*, kila moja ndefu kuliko watu wawili waliolala, yenye uzito wa zaidi ya kilo 60. Mbao za machifu. Kisha kuna *alaia*, nyembamba na bapa, halafu hizi fupi za tumbo ambazo kila mtoto alikuwa nazo.

Nilichokuwa nakitafuta ni kingo. Seremala huangalia kingo. Mbao zile za kale hazina mapezi chini wala urembo, ila ukichuchumaa ukatazama kwa ubavu unaona fundi alipunguza wapi na kuacha wapi. Zilichongwa kwa shoka la jiwe, zikasuguliwa kwa tumbawe na mawe, zikatiwa rangi nyeusi ya masizi au maji ya mimea, mwisho zikapakwa mafuta ya kukui, kokwa yenye mafuta mengi mpaka ilikuwa ikiwashwa kama taa.

Kuna simulizi iliyochapishwa mwaka 1896 kwenye almanaki ya Thomas Thrum inayoeleza fundi alivyoanza kazi: akichagua mti, aliweka shinani samaki mwekundu aitwaye *kūmū*, wa jamii ya mkundaji wetu, ndipo akaukata, kisha akachimba shimo kwenye mizizi na kumweka samaki humo kwa dua. Nilipoisoma nilimkumbuka baba, ambaye hakukata mti bila kuuzunguka kwanza. Hakuwahi kusema kwa nini.

Jumapili, 26 Mei. Gereji

Gereji iko bonde la Pālolo, kijani kibichi, mvua nyepesi inayokuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Darini kulikuwa na mbao fupi zaidi ya ishirini. Anko alisema zile za mti zilipandishwa darini sponji ilipoingia, zikakaa huko miaka. Alinionyesha moja aliyoiiga kwa Wally Froiseth, mmoja wa vigogo wa Waikīkī wa kizazi kilichopita, aliyekuwa akisimama wima juu ya paipo wakati wenzake wanalala. "Usijaribu," akaongeza, akiangalia kitambi changu.

Akaniambia nichague mti. Nilielekea kwenye koa, nani asingeelekea, mti wenye rangi ya asali iliyoungua. Akaufunika na turubai. Koa huota Hawaii tu, bei yake inaumiza, na si mti wa kujifunzia. Kulikuwa na vipande vya plaiwudi ya mashua ya milimita tisa na nusu, na ubao mmoja wa mwembe wa sentimita mbili na nusu, uliotoka kwenye mti ulioangushwa na upepo kwa jirani.

"Plaiwudi," alisema Anko.

"Mwembe," nikasema mimi. Mwembe naujua. Nimeuranda tangu nikiwa na miaka tisa. Kuniambia nisafiri nusu ya dunia kuja kukata plaiwudi ilikuwa kama kumwalika mtu pilau ukampa mkate.

Hakubishana. Aliuliza kama kwetu watu hupanda mawimbi kwa mbao. Nikamwambia nilichosoma: miaka ya 1830 Mskoti James Edward Alexander alifika Accra akaona wavulana wakiogelea kuingia baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wanangoja wimbi, wanarudi nalo. Hiyo ni Afrika Magharibi, si kwetu, lakini alifurahi sana. Akaniita mjukuu wa Accra siku nzima, nikaacha kumrekebisha.

Jumatatu, 27 Mei

Sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Duka la vifaa lilijaa, tulipanga foleni dakika arobaini kwa msasa na kopo la mafuta ya kitani, jumla dola 41.60. Jioni mabasi yote yalikuwa yanamwaga watu ufukwe wa Ala Moana, ambako maelfu ya taa za karatasi huachiwa zielee majini kwa ajili ya marehemu. Sikupata nafasi ya kuona maji, niliona migongo ya watu. Kijana mmoja akamshusha mdogo wake begani ili nipande juu ya kreti lake kwa dakika moja. Nilipiga picha tatu, zote zimetikisika.

Jumanne 28 na Jumatano 29 Mei. Mwembe

Siku mbili za raha, nakiri. Kiolezo unakikata kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa katikati, ili kushoto na kulia visigombane. Urefu tulipima kutoka sakafuni hadi juu kidogo ya kitovu changu: sentimita 118. Upana 48. Nikakata kwa msumeno, nikaanza randa.

Mwembe ule ulikuwa na nyuzi zinazogeuka, upande huu unaranda safi, ukivuka katikati unang'oa. Inabidi uzunguke uufuate kama unamchana mtoto nywele. Maranda yalifika vifundoni. Majirani walikuja kutazama randa ya baba ikifanya kazi, Anti mmoja akaniletea sahani ya wali, samaki mbichi aliyekatwa vipande na kukolezwa mafuta ya ufuta, na poi. Poi ni magimbi yaliyopondwa yakawa uji mzito wa zambarau. Waliniangalia nionje, wakitegemea nikunje uso. Magimbi! Nilimaliza nikaramba kidole. (Kwa asiyekula nguruwe: uliza kila kitu, hata mboga za majani hupikwa nayo. Samaki ndio kimbilio, sahani ya mgahawani ilikuwa dola 15 hadi 19.)

Nilinyoosha uso wa ubao mpaka rula ikilala haipitishi mwanga. Kingo nikazizungusha zote, juu na chini, laini kama ubavu wa kitanda cha bibi harusi. Msasa namba 80, 120, 220. Anko alipita mara tatu akasema jambo kuhusu pua na kuhusu ukingo wa nyuma. Niliitika bila kuinua kichwa.

Jambo moja alilolisema kwa ukali nililisikia. Nilipomaliza kupaka mafuta nilikunja kitambaa nikakitupa kwenye pipa la maranda. Alikitoa mbio. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa hujipasha moto chenyewe kinapokauka, na ndani ya saa chache kinaweza kuwaka bila kiberiti. Alikitandaza kwenye uzio, kisha akanionyesha alama nyeusi kwenye nguzo ya gereji. Hakuieleza. Mimi nimepaka mafuta hayo miaka ishirini na nilikuwa sijui. Nyumbani nimeshaweka ndoo ya maji pembeni ya benchi.

Alhamisi, 30 Mei. Kipigo

Ubao wangu ulikuwa mzuri kuliko wowote pale ukutani, na hilo nalisema hadi leo. Watu walinisimamisha kuupapasa. Ulikuwa na kilo saba.

Majini ulielea kama kiboko, pua tu ndiyo ilionekana. Nilipiga miguu mpaka mapaja yakawaka, mawimbi yakapita chini yangu moja baada ya lingine, kila moja likiniinua kwa heshima na kuniacha palepale. Hatimaye moja kali likanichukua. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa nashuka. Halafu mkia ukaanza kwenda kando, kama punda anayekataa shamba, pua ikachimba maji, ubao ukasimama ghafla na mimi sikusimama. Ncha ya nyuma ya kilo saba za mwembe ilinipata mbavu za kushoto.

Waliniburuta hadi mchangani vijana wawili, mmoja akaogelea kurudi kuufuata ubao kwa sababu kitu kama hicho kikiachwa huru kinaweza kupasua kichwa cha mtu. Walinzi wa ufukwe walinipapasa mbavu, wakasema hazijavunjika, wakaninyima kurudi.

Anko alikaa kando yangu akaeleza, sasa nikiwa na masikio. Pua bapa huchimba: lazima iinuke kidogo. Ukingo wa mviringo maji huuzunguka na kuukumbatia, kwa hiyo mkia hauna pa kushika. Theluthi ya nyuma ukingo wa chini unatakiwa uwe mkali, maji yakifika pale yakatike na kuachia. Mbele ndiko unazungusha. Na unene hauna kazi, kwa kuwa paipo haibebwi na kuelea, inabebwa na mwendo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unapiga msasa."

Ijumaa 31 Mei hadi Jumapili 2 Juni. Konyeza

Hapa ndipo ule mwezi uliponikamata. Siku nane hadi kumi baada ya mwezi mpevu, konyeza wa sanduku hufika pwani ya kusini ya O'ahu, Waikīkī ikiwemo. Wako kama glasi, huwaoni, na wanachoma vibaya. Ijumaa asubuhi mabango ya onyo yalikuwa yameshapandwa mchangani. Anko aliujua mwezi, mimi nilikuwa nimeupiga picha tu. (Unayepanga safari: fungua kalenda ya mwezi kabla ya kununua tiketi. Na msimu: upande wa kusini hupata mawimbi yake kati ya Mei na Septemba, kaskazini ni majira ya baridi na si kwa wanafunzi. Maji kujaa na kupwa usiyatilie maanani sana. Kwetu bamvua inaacha mashua zimekaa mchangani, kule tofauti haifiki hata mita moja.)

Basi tukarudi gereji, mbavu zimefungwa bandeji, na safari hii nikachukua plaiwudi bila kuambiwa.

Anko hakuanza na penseli. Alitandaza mkeka, akaweka kipande cha plaiwudi juu, akaniambia nilale. Nililala kifudifudi kwenye gereji ya watu nikiwa na miaka 43. Akanivuta mikono mbele, akapiga magoti, akachora alama pale mfupa wa nyonga ulipogusa, kulia na kushoto, kisha pale mbavu za mwisho zilipoishia. Nilipoinuka kulikuwa na ramani yangu. Upana mkubwa wa ubao ukapita juu ya mbavu, mkia ukaishia chini ya nyonga, ili miguu ibaki huru kupiga maji. Nimepima milango maelfu. Mlango haukuambii ulale.

Pua tuliikunja kwa maji yanayochemka. Taulo nene inafungwa kwenye sentimita thelathini za mbele, unamimina birika taratibu, unarudia mara saba au nane mpaka ubao ulegee, ndipo unaubana kwa klampu juu ya ukungu wa mbao mbili zilizochongwa mteremko. Nusu ya kwanza ya kubana ulitoa mlio, nikaondoa mkono. "Endelea," alisema Anko, "unalalamika tu, hauvunjiki." Tukauacha siku mbili usiku na mchana. Tulipofungua ulirudi nyuma kidogo, ukabaki na mwinuko wa sentimita mbili na nusu hivi. Ulitosha.

Randa ya baba haikufaa. Gundi ya plaiwudi inakula makali, nilinoa mara tatu kwa mita moja nikaifunga kitambaani. Kazi ilikuwa ya tupa na msasa. Uzuri wa plaiwudi ni kwamba haifichi: ukichonga ukingo, matabaka yanajitokeza kama mistari ya mwinuko kwenye ramani, ukipitiliza mahali mstari unakengeuka na jirani yako anauona. Theluthi ya nyuma nikaiacha kali, nikaijaribu kwa ukucha. Mbele nikaizungusha. Katikati, upande wa juu, nikakwangua kishimo kidogo cha mbavu, kina chake kama ganda la yai. Jumapili jioni tukaziba kingo kwa gundi ya epoksi maji yasipenye kwenye matabaka. Kilo mbili na nusu. Sura yake, ubao wa kukatia vitunguu.

Jumatatu, 3 Juni

Mabango yameondolewa. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, upepo bado haujaamka, mawimbi ya kiunoni hadi kifuani. Ubao haujapakwa hata tone la mafuta. Anko alisema saa moja ya maji haitaudhuru.

Mawimbi manne nilikosa. La tano nilichelewa makusudi, kama alivyosema, nikangoja hadi lisimame wima nyuma yangu, maana ubao mwembamba unataka mteremko. Mkono wa ndani umeshika karibu na pua, wa nje umeshika ukingo. Mapigo manne ya miguu, kichwa juu. Kisha miguu ikawa haina kazi. Niliegemeza nyonga ya kulia, ule ukingo mkali ukauma, na badala ya kushuka moja kwa moja ubao ukageuka ukakimbia pembeni, sambamba na ukuta wa maji uliokuwa karibu na shavu langu. Ukilala tumboni macho yako yapo shubiri mbili juu ya bahari. Kila kitu kinapita kwa kasi ambayo aliyesimama haijui. Na nikausikia ule mlio, sasa uko chini ya kidevu changu, mkasi na kitambaa.

Zilikuwa sekunde sita labda. Niliishia kwenye povu nikicheka na maji puani, nikakanyaga wana. Miiba mitatu, kisigino cha kushoto. Anti wa poi aliitoa kwa kibanio cha nyusi na kuniloweka mguu kwenye maji moto ya siki, akisema kila aliyejifunza pale amelipa kodi hiyo.

Nilirudi majini na kisigino kile kile. Nilipata mawimbi saba siku hiyo. Nimeyaandika yote, lakini hapa yatawachosha.

Jumanne, 4 Juni. Kuondoka

Ubao wa mwembe nilimwachia Anko. Alikuwa ameshautafutia kazi kabla sijasema: ameufunga ukutani gereji kwa mabano mawili, na makopo ya rangi yamepangwa juu. Ni rafu nzuri sana. Rula ikilala haipitishi mwanga.

(Ukitoka Hawaii kwenda bara la Marekani, mizigo hupitishwa kwanza kwenye ukaguzi wa kilimo. Plaiwudi na mbao iliyokamilika haikunipa tabu, ila pangusa mchanga wote. Ubao wangu ulizidi vipimo vya mzigo wa kawaida na nililipa dola 100 pale kaunta. Kama ningekuwa mjanja ningechonga wa sentimita 100.)

Anko alinipeleka uwanjani mwenyewe. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, akaondoka bila kuzima injini.

Saa thelathini nyingine. Dar nilifika usiku, kichwa kizito, mguu wa kushoto ndani ya kandambili. Afisa akautazama ule mfuko mrefu mwembamba uliofungwa gundi ya karatasi pande zote, akauliza kuna nini humo. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa wiki mbili.

"Papa," nikasema.

Akarudi nyuma hatua moja, akamwita mwenzake.